Kabla ya kuomba AFCON peke yetu, tujue nani atacheza pale Jumatano

SWALI: Mimi ni mwalimu wa uraia katika sekondari moja hapa Mwanza. Tangu CHAN (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025 ipite, vijana wangu wa kidato cha tatu hawatulii. Tumepanga mdahalo wenye mada hii: "Baada ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2027 tunayoandaa na Kenya na Uganda, Tanzania iombe kuandaa AFCON nyingine peke yake." Wanaounga mkono wanasema mgeni njoo mwenyeji apone: watalii watakuja, ajira, viwanja, jina la nchi. Wanaopinga wanasema fedha hizo zijenge zahanati. Mimi ni shabiki wa mpira tangu utoto na nashindwa kuwaongoza bila kupendelea. Wewe uliyefanya kazi kwenye bajeti za miradi ya umma ungekaa upande gani, na kwa nini?

JIBU: Ningekaa upande wa kupinga, mwalimu, lakini si kwa hoja ya zahanati.

Hoja hiyo hupigiwa makofi ukumbini, ikifika mezani inakufa. Nimekaa kwenye vikao vya bajeti vya kutosha kujua kwamba fedha iliyonyimwa uwanja haifungi safari kwenda zahanati. Mara nyingi inaishia kwenye magari, semina na posho, au haikuwepo tangu mwanzo: ulikuwa mkopo ambao usingekopwa kabisa. Mpinzani mwerevu atauliza tu, "Miaka yote ambayo hatukujenga uwanja, zahanati ngapi ziliongezeka kwa sababu hiyo?" na kijana wako atabaki anakuna kichwa. Hoja hii huota meno pale watu wanapoviona vitu vyote viwili kwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa Moroko mwishoni mwa Septemba 2025. Wanawake kadhaa walikuwa wamefariki baada ya kujifungua kwa upasuaji katika hospitali ya umma ya Agadir, na Agadir hiyo hiyo ilikuwa mji mmojawapo wa AFCON iliyokuwa inakaribia. Vijana wakaingia barabarani: viwanja tunaviona, hospitali ziko wapi? Serikali ikalazimika kuahidi fedha zaidi za afya na elimu. Kwa hiyo msiitupe hoja ya zahanati, ila msiifanye nguzo.

Nguzo yangu ni hii: mashindano ya mwezi mmoja hayafilisi nchi. Kinachoumiza ni uwanja uliojengwa kwa ajili ya mwezi huo, halafu mwezi wa pili hauna wa kuuchezea.

Mfano mzuri kuliko wote ni Afrika Kusini, kwa sababu nchi hiyo imefanya mambo yote mawili. AFCON ya 1996 ilikuwa ya Kenya. Kenya ikashindwa kujiandaa, ikanyang'anywa, na Afrika Kusini iliyokuwa imerudishwa kwenye soka ya dunia mwaka 1992 ikapewa. Haikuwa na muda wa kujenga. Ikatumia viwanja vinne vilivyokuwepo: FNB wa Johannesburg, na vitatu ambavyo kimsingi vilikuwa vya raga, Durban, Bloemfontein na Port Elizabeth. Vijana wako hawakuwa wamezaliwa, lakini wewe pengine unakumbuka picha ya Mandela amevaa jezi ya Bafana Bafana siku ya fainali, na kombe likibaki nyumbani. Nchi nzima ilisherehekea, na wenyeji hawakubaki na majengo ya kulisha.

Miaka 14 baadaye nchi hiyo hiyo ikaandaa Kombe la Dunia la 2010. Safari hii Durban ikajenga Moses Mabhida jirani kabisa na ule uwanja wa raga wa 1996, ambao mpaka leo upo. Port Elizabeth ikajenga mpya. Cape Town ilikuwa na uwanja wa raga wa Newlands, na kulikuwa na wazo la kuboresha Athlone, kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini wanaopenda mpira. Uamuzi ukaenda Green Point, kando ya bahari, mahali ambapo kamera inapata uwanja na Mlima wa Meza katika picha moja. Uwanja ule uligharimu zaidi ya randi bilioni 4. Kwa miaka mingi baada ya fainali jiji liliufidia hasara yake kutoka kwenye kodi za wakazi, na timu za raga zilizokuwa Newlands hazikuhamia pale mpaka 2021. Hebu fikiria: miaka 11 ya kutafuta mpangaji wa nyumba uliyoijenga kwa sababu mgeni alipenda mandhari.

Hapo ndipo ninapowaambia watu wa mipango waulize swali la Jumatano. Usiulize nani atacheza fainali. Hilo kila mtu analijua. Uliza nani atacheza pale Jumatano ya kawaida ya mwezi wa tatu, saa kumi jioni, mvua inanyesha, na tiketi inauzwa kwa bei ambayo dereva wa bodaboda anaimudu. Ukipata jina la timu, una uwanja. Usipopata jina, una jengo.

Brazili ilijenga Manaus, katikati ya msitu wa Amazoni, kwa mechi nne za Kombe la Dunia la 2014, katika mji ambao haukuwa na timu ya daraja la juu. Ureno ilijenga na kukarabati viwanja 10 kwa ajili ya Euro ya 2004. Vya Benfica, Sporting na Porto vinapata watu wengi kila msimu kwa kuwa vina wenyewe, lakini Aveiro walipewa uwanja wa watu 30,000 ambao timu ya mji ule haijawahi kuujaza. Gabon, kwa AFCON ya 2017, ilijenga Oyem na Port-Gentil. Ni habari ile ile.

Sasa tuje kwetu. Uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa 2007 wenye viti 60,000, ulifaulu mtihani wa Jumatano kabla haujachimbwa msingi, kwa sababu Simba na Yanga walikuwepo. Haukujengwa kwa ajili ya mashindano yoyote ya mwezi mmoja; ulijengwa kwa sababu Dar es Salaam ilikuwa na watu waliokuwa wanabanana Uwanja wa Uhuru. Ndiyo maana CHAN ilipokuja, Taifa Stars ilifungua dhidi ya Burkina Faso pale na kushinda 2-0 mbele ya watu wanaoijua njia ya kwenda mzunguko hata wakifumba macho. Amaan wa Zanzibar nao una wenyewe. Ulikarabatiwa ukafunguliwa upya Desemba 2023, na Kombe la Mapinduzi la kila Januari limechezwa pale mara nyingi, kuwe na CAF (shirikisho la soka la Afrika) kusiwe na CAF.

Lakini hata Mkapa una somo ambalo wanaounga mkono hawatapenda kulisikia. Machi 2025 CAF iliufungia kwa sababu ya ubovu wa eneo la kuchezea. Ukafunguliwa, na Mei mwaka huo huo Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho, mechi ya marudiano dhidi ya RS Berkane haikuchezwa pale. Ikapelekwa Amaan. Klabu ya Tanzania imefika fainali ya Afrika, nchi ina uwanja wa watu 60,000, na mashabiki wanagombea tiketi za boti kwenda kubanana kwenye uwanja ambao haufikii hata nusu ya huo, sababu ni nyasi. Nyasi, mwalimu! Si zege, si paa, si viti. Kitu kinachohitaji mtu, maji, mbolea, mashine ya kukatia na ratiba inayokipa nafasi ya kupumua.

Nimesoma maandiko mengi ya miradi katika kazi yangu, na sehemu ya matunzo huwa ni ukurasa mmoja, karibu na mwisho, ulioandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Mkandarasi analipwa kwa kujenga, waziri anapigwa picha akikata utepe, na hakuna mwanasiasa aliyewahi kukata utepe wa kubadilisha pampu ya maji. Sasa mtu anayeshindwa kutunza nyasi za uwanja mmoja unaotumika kila wiki anapoomba apewe vingine vitatu visivyo na timu, mimi lazima nishtuke.

Kwa nini vitatu? Kwa sababu AFCON ya siku hizi si ile ya Mandela. Tangu 2019 ina timu 24 na mechi 52, na CAF inataka viwanja visivyopungua sita vinavyofikia vigezo vyake, pamoja na viwanja vya mazoezi, hoteli na hospitali kwa kila kituo. Tuna Mkapa, tuna Amaan, na Arusha unajengwa wenye viti 30,000. Kwa AFCON ya watu watatu hesabu hiyo inatosha, maana Kenya inaleta vyake na Uganda inaleta Namboole na Hoima. Ukitaka uwe peke yako, hiyo nusu nyingine ni yako. Hata tukiihesabu Dodoma, ambayo imekuwa ikisubiri uwanja tangu ahadi ya Mfalme Mohammed VI wa Moroko mwaka 2016, bado kuna pengo.

Na Arusha kwenyewe sina uhakika kama mtihani wa Jumatano umefanywa. Timu ya mwisho ya mji ule ninayoikumbuka vizuri kwenye Ligi Kuu ni JKT Oljoro, iliyoshuka daraja 2014. Mji una wapenzi wa mpira, una utalii, una mikutano. Uwanja unaweza kupata matumizi. Lakini matumizi hayo yanatakiwa kupangwa sasa, na kwa jina: timu gani, matamasha mangapi, nani analipa umeme. Baada ya 2027 kila mtu atakuwa amechoka na amerudi kwenye kazi zake.

Wewe uko Mwanza, kwa hiyo kuna jambo unalijua kuliko watu wengi wanaoandika kuhusu mpira kutoka Dar. Kirumba ipo. Pamba imerudi Ligi Kuu tangu 2024, mji una watu na una njaa ya mpira. Kwa mtihani wangu Kirumba inashinda miji mingi ambayo ingeweza kupewa uwanja mpya. Ila Kirumba ni mali ya CCM, kama Sokoine ya Mbeya, kama Sheikh Amri Abeid ya Arusha, kama Majimaji ya Songea. Vilijengwa enzi za chama kimoja, wananchi wakachangia kwa fedha na kwa nguvu zao, vikabaki na chama vyama vingi viliporudi. Sasa serikali inayotaka kuvikarabati inakabiliwa na swali gumu: utie mabilioni ya walipa kodi wote kwenye mali ya chama kimoja, au ujenge kingine kando yake kwa gharama kubwa zaidi? Ukiuliza kwa nini nchi yenye viwanja vingi hivi inahisi haina viwanja, sehemu kubwa ya jibu iko hapo. Hili halihitaji zabuni ya CAF kutatuliwa. Linahitaji watu wazima wakae chini, chama na serikali, waandikiane mkataba wa muda mrefu wa pango au wauziane. Vijana wako wakiliibua ukumbini, tegemea kelele kidogo.

Turudi kwenye kile wanaounga mkono wanachokiita kupona kwa mwenyeji.

Kwanza, mapato. Wengi wanadhani mashindano ni kama duka: mwenyeji anafungua, wateja wanakuja, mwenyeji anahesabu. Duka ni la CAF. Haki za televisheni ni za CAF, wadhamini wakubwa ni wa CAF, mabango yanayozunguka uwanja ni ya CAF. Kwa Kombe la Dunia ni vivyo hivyo kwa FIFA, ambayo katika mzunguko wa miaka minne ulioishia na Qatar 2022 ilipata dola bilioni 7.5. Mwenyeji ndiye anayetoa jengo, ulinzi, barabara, msamaha wa kodi na viza za haraka. Tena kwa AFCON ya 2027 kila nchi kati ya tatu ilitakiwa kulipa dola milioni 30 kama ada ya uenyeji. Yaani mwenye nyumba anamlipa mpangaji. Na yule mama lishe ambaye kila mtu humtaja kwenye hotuba za faida za mashindano, kule Afrika Kusini 2010 wachuuzi wadogo waliondolewa maeneo ya karibu na viwanja kwa sababu maeneo hayo yalikuwa ya wadhamini. Kama mnataka auze chipsi na mihogo getini, hilo liandikwe kabla ya kutia saini. Baada ya hapo atafukuzwa na mgambo wa halmashauri yake mwenyewe.

Pili, watalii. Afrika Kusini ilitumia zaidi ya randi bilioni 30 kwa viwanja, barabara, viwanja vya ndege na mambo mengine ya 2010. Bodi yao ya utalii ikahesabu wageni waliokuja hasa kwa ajili ya Kombe la Dunia: zaidi kidogo ya 309,000, wachache kuliko utabiri wa mwanzo, na matumizi yao yalikuwa randi bilioni 3.64. Barabara na viwanja vya ndege vinaendelea kutumika, kwa hiyo si haki kulinganisha namba mbili hizo kana kwamba ni mizani ya duka. Lakini anayesema wageni watarudisha fedha ya viwanja aonyeshwe hesabu hiyo.

Kwetu kuna jambo jingine linalosahaulika. Ulaya wanapenda AFCON ichezwe Juni na Julai ili klabu zao zisipoteze wachezaji. Juni na Julai kwetu ni nini? Ni nyumbu Serengeti. Ni hoteli za Nungwi na Paje zilizojaa. Ni kiangazi, barabara za hifadhini zinapitika, na mzungu aliyelipia safari mwaka mmoja kabla. Shabiki wa Senegal au Nigeria anayekuja miezi hiyo anagombea kitanda na mtalii ambaye angekuja vyovyote vile. Bei zinapanda, wengine wanaahirisha, na mwisho wa mwezi tumebadilisha mgeni mmoja kwa mwingine, tofauti ikiwa kwamba huyu wa pili tumemjengea uwanja. Mwenye hoteli ya Morogoro au Dodoma anaweza kufaidika kweli. Yule wa Arusha sijui kama angepiga kura ya ndiyo.

Tatu, na hapa ndipo ninapotaka mtulie zaidi, kuna suala la nani ana nguvu mezani. Kabla ya kupewa uenyeji, nchi ndiyo inayobembelezwa: ina soko, ina mashabiki, na CAF inataka wagombea wengi. Siku ya kutangazwa mshindi, nguvu zote zinahama. Tarehe imewekwa, dunia inajua, rais ameshacheza ngoma hadharani. Mkandarasi naye anaijua tarehe. Miezi sita kabla ya mechi ya ufunguzi akisema bei ya chuma imepanda, utafanya nini? Utalipa. Kamerun walipewa AFCON ya 2019, kazi zikachelewa, Novemba 2018 wakanyang'anywa na ikaenda Misri. Wao wakaja kuandaa Januari 2022, baada ya mkandarasi wa uwanja wa Olembe kubadilishwa njiani. Kenya, mbali na ile ya 1996, ilinyang'anywa pia CHAN ya 2018, ikaenda Moroko. Wanaonyang'anywa huwa wameshatumia, bili hainyang'anywi.

Mfano wa karibu na wa sasa ni Talanta, Nairobi, viti 60,000. Kenya haikuwa na fedha taslimu, ikaenda sokoni: hatifungani (hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji) ya shilingi zao bilioni 44.79 iliorodheshwa Julai 2025, riba zaidi kidogo ya asilimia 15, muda wa miaka 15. Sisemi ni kosa. Nairobi ina watu, ina Gor Mahia na AFC Leopards, uwanja unaweza kupata Jumatano zake. Lakini hesabu miaka: deni hilo linafika 2040. Mtoto atakayezaliwa usiku wa fainali ya 2027 atakuwa anaanza sekondari, na bado serikali inalipia mechi ambayo yeye hakuiona. Ukiomba AFCON peke yako, unaomba deni la namna hiyo zaidi ya moja.

Sasa niwasaidie wanaounga mkono, maana mdahalo wa upande mmoja haufundishi. Hoja yao bora hawajaitumia, nayo ni furaha. Watafiti Georgios Kavetsos na Stefan Szymanski walichunguza takwimu za Ulaya na kukuta kwamba watu wa nchi inayoandaa mashindano makubwa ya mpira huwa na furaha zaidi kipindi hicho, hata kama faida ya fedha haionekani. Haidumu sana, lakini ni kweli, na hakuna aibu kuinunua. Sisi tunajua. Hakuna kamati ya harusi iliyowahi kukaa ikasema tunachangishana ili tupate faida. Tunachanga kwa sababu mtoto wetu anaolewa. CHAN ilikuwa hivyo; Agosti ile niliwaona watu wasiosalimiana ofisini wakikumbatiana. Basi waseme wazi: tunataka sherehe, na tuko tayari kuilipia kiasi fulani. Hapo mdahalo unakuwa wa kweli, kwa sababu swali linalofuata ni kiasi gani, na mtu anayeandaa harusi hukodi ukumbi.

Hoja yao ya pili nzuri ni tarehe. Treni ya Gautrain ya Johannesburg ilianza kubeba abiria tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya mechi ya kwanza. Bila mashindano ingeweza kuchelewa miaka. Tarehe inayojulikana na dunia nzima huwaamsha watendaji. Hasara yake nimeshaitaja: humwamsha na mkandarasi.

La tatu watakalosema ni kwamba tumeshaonyesha tunaweza. Hapa nakubali nusu. CHAN ilionyesha kwamba tunaweza kujaza viwanja. Pia ilionyesha kwamba kujaza si sawa na kuendesha: Kasarani ilipata matatizo ya watu kuingia kwa nguvu, Kenya ikatozwa faini, na kwa mechi yao na Zambia CAF ikaweka kikomo cha watazamaji 27,000. Msilichukulie kirahisi. Januari 24, 2022, watu wanane walikufa kwa kukanyagana kwenye geti la Olembe, Yaoundé, kabla ya Kamerun kucheza na Komoro, wale ndugu zetu wa visiwani ambao usiku ule waliweka beki golini kwa kukosa kipa na bado wakapigana. Watu wengi wanakumbuka yule beki kuliko wale wanane. Uwanja ulikuwa mpya na mzuri. Geti lilikuwa limefungwa. Usalama wa uwanja ni watu waliofundishwa, mageti yanayofunguka, tiketi zinazosomeka na askari anayejua lini asitumie rungu, na mambo hayo hujengwa kwa mazoezi ya kila wiki ya Ligi Kuu, siyo kwa zege.

Kwa hiyo, mwalimu, ningebadilisha upande lini? Nikiona viwanja sita vyenye timu zake, vinavyotunzwa na fungu la bajeti linalojulikana, na watu wanalipa kuingia bila Simba wala Yanga kuwepo. Siku hiyo AFCON itakuwa mgeni anayekuta nyumba imeshafagiliwa. Mpaka hapo ningeomba mashindano madogo na ya pamoja. Aprili 2019 tuliandaa AFCON ya vijana chini ya miaka 17 kwa kutumia Uwanja wa Taifa, kama ulivyoitwa wakati ule, na Chamazi, uwanja wa klabu ya Azam. Hatukujenga uwanja hata mmoja, na hakuna aliyeandamana. Hata uenyeji wa pamoja ningependa uwe desturi yetu badala ya hatua ya kuelekea kuwa peke yetu. Septemba 2023 nchi tatu zilipopewa AFCON ya 2027, nadhani tulipata umbo linalolingana na mifuko yetu.

Na wakiuliza je, ikiwa tumeshaomba halafu tukagundua hatuwezi? Kolombia ilikuwa imepewa Kombe la Dunia la 1986. Mwaka 1982 Rais Belisario Betancur akatangaza kwamba nchi ina mambo mengine ya kufanya, ikaenda Meksiko. Kolombia ipo, na bado inacheza mpira.

Kabla ya mdahalo wapeleke vijana Kirumba siku ambayo Pamba inacheza na timu ambayo si Simba wala Yanga. Wahesabu watu, wahesabu mageti yanayofunguka na vyoo vyenye maji, halafu wamtafute mtunza uwanja wamuulize nani alilipia nyasi mara ya mwisho na lini. Wawe na daftari, na wawe wapole, yule mzee huwa anaulizwa maswali tu pale mambo yanapoharibika. Ukiweza niandikie walichokipata. Mimi Kirumba sijaingia kwa miaka sasa.